Shahada bila kitabu cha kununua: kisa cha chuo cha Tidewater

Muhula ulioanza Agosti 2013 katika chuo cha Tidewater Community College, jimbo la Virginia nchini Marekani, ulianza na jambo ambalo vyuo vingine vyenye ithibati nchini humo havikuwa vimelifanya. Mwanafunzi aliyejiandikisha kusoma usimamizi wa biashara angeweza kuanza somo la kwanza hadi kumaliza shahada yake ya miaka miwili bila kununua kitabu hata kimoja. Masomo yalikuwa 21, na yote yaliandaliwa upya kwa kutumia rasilimali huria za elimu, yaani maandishi, picha, video na mazoezi yanayopatikana mtandaoni bure na kwa leseni inayoruhusu kuyatumia. Waliiita Z-Degree. Z ni ya ziro: gharama ya vitabu, sifuri.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kwa upande wa bei, na mara ya kwanza nami nilikisoma hivyo. Nikakiona kizuri, ila cha Wamarekani. Kwetu Tanzania nani ananunua kitabu? Nilipokirudia, nikiwa na somo la takwimu ninalolifundisha mezani na sijui nianzie wapi, ndipo nikaona kwamba bei ni sehemu ndogo. Yapo mambo mawili yaliyoufanya mradi ule usimame na usianguke baada ya mwaka mmoja: namna walimu walivyolivunja somo na kulijenga tena, na fedha ilikotoka. La kwanza tunaweza kulichukua kesho asubuhi. La pili hatuwezi, na tukijifanya tunaweza tutaumbuka.

Kwanza chuo chenyewe. Aina hii ya chuo, ambayo Wamarekani huiita chuo cha jamii, humchukua karibu kila anayekuja. Mtu husoma miaka miwili, kisha huingia kazini au huhamia chuo kikuu kumalizia shahada ya miaka minne. Wa Tidewater wengi huhamia Old Dominion University, hapo hapo Norfolk. Chuo kina kampasi katika miji minne: Norfolk, Portsmouth, Chesapeake na Virginia Beach. Norfolk ndipo ilipo kambi ya jeshi la majini iliyo kubwa kuliko zote duniani, kwa hiyo madarasani utawakuta walioacha jeshi, wake na waume wa mabaharia, watu wazima wanaofanya kazi mchana na kusoma jioni. Hawa si vijana wa kutumiwa hela na baba kila mwezi.

Na kitabu cha chuo Marekani kilikuwa kimeshakuwa mzigo wa kutisha. Ofisi ya serikali inayokagua matumizi kwa niaba ya Bunge lao ilitoa ripoti mwaka 2005 ikionyesha kwamba tangu Desemba 1986 hadi Desemba 2004 bei za vitabu vya vyuo zilipanda kwa asilimia 186, wakati bei za bidhaa kwa ujumla zilipanda kwa asilimia 72. Huko Florida, wanafunzi wa vyuo vya umma walipoulizwa mwaka 2012, asilimia 64 walisema wamewahi kuacha kununua kitabu kilichotakiwa kwa sababu ya bei.

Sababu yake si ngumu kuiona. Anayechagua kitabu si anayekilipia. Ni kama daktari na dawa: yeye anaandika cheti, wewe ndiye unayetoa mkoba dirishani. Mhadhiri huletewa nakala yake bure na wakala wa mchapishaji, pengine bei haijui kabisa. Kila baada ya miaka michache hutoka toleo jipya. Ndani yake sura mbili zimebadilishana nafasi na maswali ya mazoezi yamepewa namba nyingine, hiyo ikatosha kulifanya toleo la zamani lisifae darasani na kuliua soko la vitabu vilivyotumika. Baadaye zikaja namba za siri za kuingilia mtandaoni, ambazo mtu hununua ili tu aweze kufanya kazi ya nyumbani. Hizo haziuziki tena wala huwezi kumwachia mdogo wako. Kijana mmoja wa Thailand aliyekuwa akisoma Marekani, Supap Kirtsaeng, aligundua kwamba vitabu vilevile vinauzwa kwao kwa bei ya chini sana. Akawaomba ndugu zake wamtumie, akaviuza. Mchapishaji John Wiley & Sons alimshtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa, na Machi 2013 Kirtsaeng akashinda kwa majaji 6 dhidi ya 3. Ni miezi mitano tu kabla ya Tidewater kufungua masomo yake.

Lakini namna bei inavyomuumiza mwanafunzi wa chuo cha jamii ina kitu kimoja ambacho takwimu za kupanda kwa bei hazikionyeshi, nacho ni muda. Msaada wa fedha wa serikali mara nyingi haumfikii mkononi siku ya kwanza ya muhula. Wiki ya kwanza anasikiliza bila kitabu. Wiki ya pili anaazima cha jirani wakati wa mapumziko, anapiga picha kurasa kwa simu. Wiki ya tatu kuna jaribio. Akishafeli jaribio la kwanza katika somo alilolipia ada kwa jasho lake, wengi hufanya hesabu ya haraka na kuliacha somo. Anayeacha hivyo hakushindwa akili. Kitabu kilikuja baada ya mtihani. Hii wiki ya tatu tuiweke pembeni, tutaihitaji.

Kuvunja somo

Wazo la shahada nzima isiyo na kitabu cha kununua lilikuwa likisemwa na David Wiley, mmoja wa watu waliopigania elimu huria muda mrefu, ambaye mwaka 2012 alianzisha pamoja na Kim Thanos kampuni ya Lumen Learning ya kuvisaidia vyuo katika kazi hiyo. Aliyelidaka Tidewater ni Daniel DeMarte, kiongozi wa taaluma chuoni, na aliyeibeba kazi kwa upande wa walimu ni Linda Williams, profesa wa biashara. Naona mpangilio huo una maana. Mwalimu mmoja mwenye ari anaweza kubadili somo lake, lakini akihama au akichoka, somo linarudi lilikotoka. Shahada nzima haibadiliki bila mkubwa kusimama mbele na kusema hili ndilo chuo kimeamua.

Walichokifanya ni kinyume cha vile wengi wetu tungeanza. Ukiniambia niachane na kitabu nilichokizoea, jambo la kwanza nitakalofanya ni kutafuta mtandaoni kitabu cha bure kinachofanana nacho, sura kwa sura. Wao walianza na matokeo ya somo: mwanafunzi akitoka hapa aweze kufanya nini? Kila somo likavuliwa nguo mpaka yakabaki matokeo hayo matupu, na ndipo kila tokeo likatafutiwa nyenzo zake. Walimu walifundishwa pia hakimiliki na leseni, jambo ambalo nina hakika wengi wetu hatujawahi kukalishwa chini tukafundishwa.

Nilijaribu zoezi hilo na somo ninalolijua. Chukua misingi ya menejimenti. Karibu kila kitabu duniani kimejengwa juu ya nguzo nne: kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuongoza na kudhibiti. Fungua muhtasari wa somo wa chuo chochote utazikuta, na chini yake orodha ndefu ya mada. Sasa chukua kalamu, pitia mada moja moja, ujiulize: hii inahudumia tokeo gani? Nyingine zitajibu mara moja. Nyingine zitabaki zimesimama pale kama mgeni wa harusi asiyejulikana ni wa upande wa bwana au wa bibi. Ukimuuliza mwalimu kwa nini anaifundisha, atakwambia ukweli ukimbana kidogo: kwa sababu ni sura ya saba, na baada ya ya sita huja ya saba.

Yaani kwa miaka yote hiyo muhtasari wa somo ulikuwa ni yaliyomo ya kitabu yaliyobadilishwa kichwa cha habari. Mchapishaji wa New York ndiye aliyekuwa anapanga wiki ya tisa tufundishe nini. Tidewater hawakuweza kuliona hilo mpaka kitabu kilipotoka mezani. Hapa ndipo ninapowapa heshima zaidi, kuliko kwenye dola walizowaokolea wanafunzi.

Kuna maumivu yake, na wanaopigia debe elimu huria hawayataji sana. Kitabu cha biashara hakiji peke yake. Mwalimu anapokichagua hupewa slaidi zilizokwisha kutengenezwa, majibu ya mazoezi, na benki ya maswali ya mtihani yenye mamia ya maswali. Ukikiacha kitabu, unaviacha vyote. Maandishi ya bure utayapata, tena mengi. Maswali mazuri ya mtihani, yaliyopimwa na yasiyozagaa mtandaoni pamoja na majibu yake, hayo utayatunga mwenyewe usiku. Mwalimu mwenye madarasa matano anayesita kuhama simwoni mvivu.

Bure si huria

Novemba 2012, Tidewater wakiwa bado hawajafungua mlango, kampuni iitwayo Flat World Knowledge ilitangaza jambo lililowashtua wengi. Kampuni hii ilikuwa ikichapisha vitabu vya vyuo, vingi vya biashara, ambavyo mtu angeweza kuvisoma mtandaoni bila malipo. Ilipata fedha kwa kuuza nakala zilizochapwa na nyongeza nyingine. Sasa ikasema kuanzia Januari 1, 2013 kusoma bure basi.

Mwalimu aliyekuwa ameweka kiungo tu kwenye muhtasari wake, "someni sura ya tatu hapa", alifungua mwaka na ukurasa unaodai kadi ya benki. Katikati ya mwaka wa masomo.

Ila vitabu vile vilikuwa vimetolewa chini ya leseni ya Creative Commons, ruhusa ya wazi ambayo mwenye kazi huitoa kwa kila mtu, na leseni hiyo ikishatolewa haibatilishwi kwa nakala zilizokwisha kutoka. Waliokuwa wamezipakua na kuzihifadhi walikuwa na haki ya kuendelea kuzitumia na kuzigawa. Taasisi ya Saylor, inayotoa masomo ya bure mtandaoni, ilikuwa na nakala. Mtu mwingine akaweka hazina nzima mtandaoni. Baadaye maktaba za Chuo Kikuu cha Minnesota zikavichukua kadhaa, zikavihariri na kuvitoa upya. Ukikutana na mojawapo utaona sentensi ya ajabu mahali ambapo ungetarajia jina la mwandishi: kwamba kitabu kinatolewa bila kumtaja aliyekiandika, kama alivyoomba yeye au mchapishaji wake. Leseni inampa mwenye kazi haki ya kuomba jina lake liondolewe, lakini haimpi haki ya kukiondoa kitabu. Kwa hiyo kitabu kipo, kinafundishwa, na hakina baba.

Ningekuwa nafundisha walimu wenzangu jambo moja tu kuhusu kisa hiki, ningewaonyesha sentensi ile. Wiley ana namna yake ya kulieleza, haki tano: kuhifadhi, kutumia, kurekebisha, kuchanganya na kugawa. Ya kuhifadhi aliiongeza mwaka 2014, na ukishajua ya Flat World huulizi kwa nini. Video ya YouTube ni bure kuitazama. Mwenye nayo akiifuta usiku wa kuamkia mtihani, huna la kufanya. Makala kwenye tovuti ya gazeti ni bure leo. Huria ni kile ambacho nakala yake iko kwenye diski yako na karatasi ya ruhusa umeishika.

Na ruhusa zenyewe hazifanani. Iliyo wazi zaidi inadai jambo moja tu, kumtaja mwandishi. Nyingine inakataza biashara. Nyingine inadai kazi utakayoitoa nayo ibebe leseni ileile, na hiyo huleta mkwamo usiotarajiwa: ukichukua sura kutoka kitabu kinachokataza biashara na kinachodai leseni ileile, halafu ukataka kuifuma na makala ya Wikipedia, ambayo nayo inadai leseni yake lakini haikatazi biashara, huwezi kuzifanya kazi moja bila kuvunja mojawapo. Utaziweka kando kwa kando, kila moja na lebo yake. Nyingine inakataza kubadilisha chochote, na kwetu sisi hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kutafsiri kwa Kiswahili ni kubadilisha.

Siku ya mwisho ya kurudishiwa ada

Sasa fedha. Kuandaa masomo 21 upya si kazi ya kujitolea. Kuna muda wa walimu, kuna Lumen wa kulipwa, kuna duka la vitabu la chuo linalopoteza mauzo, na katika vyuo vya Marekani chuo hupata gawio humo. Kwa hiyo mradi wa kumwondolea mwanafunzi gharama, ukiutazama kwa macho ya mhasibu wa chuo, ni gharama tupu. Faida ni ya mwanafunzi, bili ni ya chuo. Miradi ya namna hiyo huishi kwa ufadhili, na mfadhili akiondoka nayo humfuata.

Wiley, Williams, DeMarte na mtafiti John Hilton walichapisha mwaka 2016 uchambuzi unaoonyesha tundu ambalo fedha ilipitia kurudi. Turudi kwenye ile wiki ya tatu. Kila muhula una siku ya mwisho ambayo mwanafunzi akiliacha somo anarudishiwa ada yake. Akiacha kabla ya siku hiyo, chuo kinatoa fedha kilizokwisha kupokea. Akibaki, ada inabaki. Wanafunzi wa masomo ya Z walikuwa wanaacha mapema kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, na si ajabu: vifaa vyote vya somo walikuwa navyo tangu saa ya kwanza ya siku ya kwanza.

Tuone kwa mfano wa kubuni. Darasa la watu 30, ada ya somo dola 450. Kama huwa wanaacha 5 kabla ya siku ile, chuo kinarudisha dola 2,250. Wakiacha 3, kinarudisha dola 1,350. Dola 900 zimebaki chuoni kwa darasa moja, muhula mmoja, na mwalimu ni yuleyule, chumba ni kilekile, umeme ni uleule. Zidisha kwa madarasa yote ya shahada. Si fedha ya kujenga ghorofa, lakini inatosha kumlipa mtu wa kuyatunza masomo, na huja kila muhula bila kuandika maombi kwa mfadhili.

Nimewahi kukaa kwenye vikao ambavyo hoja ya "tuwaonee huruma wanafunzi" ilisikilizwa kwa adabu, ikaandikwa kwenye muhtasari, ikaishia hapo. Hoja ya Tidewater ingemwamsha bursa.

Je, wanafunzi walijifunza zaidi? Utafiti mwingine wa 2016, wa Hilton, Lane Fischer, Wiley na Williams, ulitumia kipimo kinachojumlisha mambo matatu: nani aliacha mapema, nani alijitoa katikati, na nani aliyebaki akapata angalau C. Wa masomo huria walifanya vizuri zaidi, darasani na mtandaoni. Ni kipimo kizuri, maana kinakataa ule ujanja wa kuhesabu waliofaulu kati ya waliobaki na kuwasahau waliokwishakimbia.

Lakini nina mashaka mawili. Moja, Wiley ni mwanzilishi mwenza wa kampuni iliyousaidia mradi na Williams ndiye aliyeuongoza. Hawakuficha, ila mtu hapimi mtoto wake kwa jicho kavu. Pili, na hili ni zito zaidi, vitu viwili vilibadilika kwa pamoja. Kitabu kikawa cha bure, na somo likaundwa upya kuanzia matokeo. Kama kilichosaidia ni lile la pili, basi somo hilohilo lililojengwa upya pamoja na kitabu cha dola 200 lingeweza kuleta nusu ya matunda. Hakuna aliyewatenganisha mapacha hawa Tidewater.

Mwaka 2019 watafiti wa OpenStax, mradi wa vitabu huria wa Chuo Kikuu cha Rice, walitoa hoja inayosaidia kulifikiri jambo hili. Kitabu cha bure kinaweza kumsaidia tu yule ambaye bila hivyo asingekuwa nacho. Yule aliyekuwa na uwezo wa kukinunua hapati kipya. Ukiwachanganya wote kwenye wastani mmoja, nafuu ya wachache inamezwa na wengi ambao haikuwagusa, unaambiwa hakuna tofauti. Ni sawa na kugawa dawa ya malaria darasa zima, wagonjwa wakiwa watatu, kisha ukapima wastani wa joto la mwili.

Wazo lenyewe lilienea. Juni 2016 mtandao wa vyuo wa Achieving the Dream ulianzisha shahada za namna hii katika vyuo 38 vya majimbo 13, kwa ufadhili wa dola milioni 9.8. California ilitenga dola milioni 5 mwaka huohuo, na mwaka 2021 ikaongeza milioni 115.

Desa

Kwetu injini ile ya ada inayobaki chuoni haipo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya haachi somo wiki ya tatu ili arudishiwe ada. Masomo ya lazima hayaachiki hivyo, na ada hulipwa kwa mwaka, wengi kupitia Bodi ya Mikopo. Wala hakuna duka la vitabu la chuo la kupoteza mauzo. Kwenye mkopo lipo fungu la vitabu na viandikwa, na kila aliyepitia chuo anajua bumu likishaingia linaanzia wapi kutumika. Hatununui vitabu. Tunatoa kopi. Mhadhiri anaacha kitini stesheneri, CR, yaani kiongozi wa darasa, anatangaza, foleni inapangwa, na desa, ndilo jina la kopi hizo, linatembea mwaka hadi mwaka mpaka jina la aliyeliandika linasahaulika. Tukimwambia mkuu wa chuo rasilimali huria zitawaokolea wanafunzi gharama za vitabu, atatutazama.

Kinachotuhusu ni kile kingine. Desa nalo halina karatasi ya ruhusa. Sura sita za kitabu cha mtu zilizotolewa kopi na kufungwa kwa pini ni sura sita za kitabu cha mtu, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inazijua hivyo. Huwezi kulihariri, huwezi kulitafsiri ukalitoa kwa jina la chuo. Nyenzo huria unaweza. Mradi wa TESSA wa mafunzo ya ualimu, uliozinduliwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwamo, una nyenzo kwa Kiswahili, na hakuna aliyelazimika kuiba chochote.

Na umbo lisiwe lile la Tidewater. Somo linaloishi kwenye tovuti, video kila ukurasa, litakula bando la wiki kwa jioni moja. Faili la PDF lililorushwa mara moja kwenye grupu la WhatsApp, au lililopita mkononi kwa flashi, linafika. Anayetaka karatasi atachapa.

Mimi takwimu nilizisoma kwa desa. Jedwali la z, lile la kusomea uwezekano, lilikuwa ukurasa wa mwisho, kopi ya kopi ya kopi, na wino ulikuwa umejaa kiasi kwamba 3 na 8 vilikuwa mapacha. Ukiangalia safu ya juu hujui kama umeshika 1.63 au 1.68. Kwenye 1.63 eneo linalobaki mkiani ni 0.0516, kwenye 1.68 ni 0.0465. Kwa kiwango cha 0.05, moja inakuzuia kuikataa nadharia tete, yaani dhana unayoipima, na nyingine inakuamuru uikatae. Tulikuwa tunakisia, na aliyekaa karibu na dirisha alikisia vizuri zaidi.

Muhula nilioanza kulivunja somo langu nilikwenda stesheneri ileile na flashi. Toleo la kwanza la kitabu cha takwimu za biashara cha OpenStax lilitolewa kwa ile leseni inayodai kutajwa jina tu, na majedwali yako nyuma. Nikamwambia kijana achape kurasa za majedwali, abaki na faili, auze kwa bei yake. Akaniuliza nani atakuja kulalamika. Nikamwonyesha mstari wa leseni kwenye ukurasa wa mwanzo. Akausoma, akaurudia, akauliza kama auchape na wenyewe. Nikamwambia huo ndio asiusahau. Akaweka karatasi kwenye mashine, akashika nakala ya kwanza juu kwenye mwanga, na kidole chake kikatua juu ya 8.